Kosa kuzitupa hadithi zote za michoro kwenye rafu ya watoto

MAJUZI nilialikwa na shule moja, yenye sehemu ya msingi na ya upili ndani ya ua mmoja, niwasaidie kupanga upya vitabu vya Kiswahili maktabani. Kazi ilikwenda vyema hadi nilipofika kwenye rafu ya chini kabisa, ile ya chekechea. Humo, katikati ya sungura na fisi, nilimkuta ‘Abunuwasi’ wa Gado. Nikamuuliza mkutubi kulikoni.

“Si ni cha michoro, mwalimu?” akanijibu. Kwake hoja ilikuwa imekwisha.

Kisha akanisimulia, huku akicheka, kuhusu mvulana wa Kidato cha Tatu ambaye kusoma Kiswahili kunampa taabu. Eti huchutama kwenye rafu hiyo akidhani haonekani. Wenzake wakiingia, huinuka upesi na kujifanya anapekua kamusi. Mimi sikucheka. Niliona kwamba mjadala wa istilahi, ambao sisi wa lugha huupenda kupita kiasi, safari hii ulikuwa na mtu ndani yake.

Katuni, kibonzo, hadithi ya picha, riwaya ya michoro: aghalabu tunayatumia maneno haya kana kwamba ni visawe. Terry Hirst, Mwingereza aliyefanya Kenya kuwa kwao, alikuwa na mfululizo ulioitwa ‘Pichadithi’ katika miaka ya 1980. Neno tamu hilo, na ni hasara kwamba halikushika. Hata hivyo, jina peke yake halitoshi. La muhimu ni kujua mchoro unamtaka msomaji afanye nini, na msomaji mwenyewe ni nani.

Hebu tuchukue kisa kimoja. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani. Anairudisha ikiwa na kisufuria ndani, akidai imezaa. Jirani anapokea zote mbili kwa furaha. Abunuwasi anaazima tena, na safari hii harudishi: sufuria imekufa. Jirani aliyesadiki uzazi anakataa kusadiki kifo.

Katika kitabu cha picha cha mtoto mdogo, wasomaji huwa wawili: mzazi anasoma maneno, mtoto anasoma mchoro. Mchoro mzuri basi humpa mtoto jambo ambalo sauti ya mzazi haijalitaja, labda paka aliyelala ndani ya ile sufuria, ili naye apate la kusema. Vitabu vyetu vingi hushindwa papa hapa. Sentensi inasema Juma amebeba kikapu chekundu. Chini yake kuna Juma, na kikapu, na ni chekundu kweli. Hayo ni mapambo tu.

Katika kibonzo cha kurasa nyingi mambo hubadilika. Fremu moja inamwonyesha Abunuwasi mlangoni na sufuria mbili. Fremu inayofuata, jirani yuko peke yake usiku, taa imewaka, anazihesabu. Hakuna palipoandikwa neno ‘tamaa’. Msomaji ameliokota mwenyewe katika ule uwazi mwembamba baina ya fremu mbili. Ustadi huo ndio tunaoudai kwa mwanafunzi wa tamthilia, aone lisilosemwa na mhusika. Mtoto wa chekechea atafurahia sufuria kuzaa, na ni haki yake. Wa Kidato cha Tatu ataiona tamaa, na akiendelea ataona pia mahakama inayolazimika kusikiliza upuuzi.

Kisa hichohicho kikiwa katuni ya ukurasa wa maoni, jirani atavishwa suti, sufuria itaandikwa ‘bajeti’, na mchoro utakuwa mmoja tu. Mengine yote atayajazia aliyesoma gazeti la jana. Asiyelisoma ataona mwanamume analilia chombo cha jikoni. Katuni ya namna hii huchacha haraka, na hiyo si dosari yake.

Kisha kuna kibonzo cha kila siku gazetini. Wazee wetu wanamkumbuka Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyedumu katika Taifa Leo kwa miongo mingi. Marehemu mjomba wangu alikuwa akianza na Juha Kalulu, ndipo atazame nani amekufa. Hakuwa mtoto. Alikuwa na watoto tisa. Kilichomvuta ni ule urafiki wa mhusika asiyebadilika, anayekutana nawe kila asubuhi na ujinga mpya.

Kwa vijana, nadhani hakuna waliowalenga barabara kama ‘Shujaaz’, jarida lililozinduliwa mwaka 2010 na kugawiwa bure. Boyie amemaliza shule, hana kazi, anaendesha redio ya siri chumbani mwake, na wote humo huongea Sheng. Baadhi ya wasomi wenzangu walishika vichwa. Mimi nasema kijana huyo akifungua redio kwa Kiswahili cha mtihani, kituo kimekufa papo hapo. Nakiri Sheng huzeeka upesi, na ya mtaa huu si ya mtaa ule. Anayeichagua amechagua pia muda wa kuishi kwa kazi yake.

Linganisha na vile vijitabu vya afya vyenye michoro, ambamo dada anamwambia kaka, wakiwa wanakula ugali, aya nzima kuhusu kinga ya magonjwa. Nani huongea hivyo mezani? Mwandishi alidhani michoro peke yake itawavuta vijana, akasahau kuwapa wahusika vinywa vyao wenyewe.

Wajapani wamelitatua suala hili kwa njia ya moja kwa moja: manga huainishwa kwa hadhira. ‘Shonen’ ni za wavulana, ‘shojo’ za wasichana, ‘seinen’ za wanaume watu wazima. Uainishaji huo una ukali wake, kwani wasichana wengi husoma ‘shonen’, lakini walau hakuna anayeshangaa kumwona mtu mzima na kitabu cha vibonzo. Huko Marekani, Art Spiegelman alitumia panya na paka katika ‘Maus’ kusimulia yaliyompata babake mikononi mwa Wanazi, na mwaka 1992 akatunukiwa Pulitzer. Mkutubi wetu angeona panya na paka, akakipeleka chekechea.

Wapo walimu wanaohofia kwamba vibonzo humfanya mwanafunzi awe mvivu wa kusoma nathari. Hofu hiyo ina chembe ya ukweli kwa mwanafunzi asiyepewa kingine. Lakini yule mvulana hakuwa akikimbia nathari. Alikuwa akitafuta mlango wa kuingilia, nasi tukauweka chini, palipomlazimu kuchutama.

Tulimhamisha Abunuwasi hadi rafu ya tatu, kando ya tamthilia, usawa wa macho. Wiki tatu baadaye mkutubi alinipigia simu akilalamika: kitabu kimeazimwa, na siku ya kukirudisha imepita. Nikamwambia avute subira, huenda kikarudi na kitoto.