Mzee Ojwang': Lafudhi na Uhusika

Benson Wanjau (1937–2015) alikuwa Mkikuyu. Hata hivyo, watazamaji wa Vitimbi na Vioja Mahakamani katika televisheni ya taifa ya Kenya walimjua kama Mzee Ojwang', Mjaluo, mume wa Mama Kayai. Mwigizaji anapoazima lafudhi ya jamii isiyo yake, na hadhira ikaangua kicheko, kinachochekwa hasa ni nini?

Mhakiki mwenye pupa atajibu kwamba anachekwa Mjaluo. Dai hilo lina uzito, kwani Kijaluo hakina fonimu za "sh" na "z", na wapo wengi waliodhihakiwa tangu shuleni kwa sababu ya jambo hilo. Lakini lau ucheshi wa Ojwang' ungekomea kwenye matamshi, ungechosha baada ya vipindi vichache tu. Waigizaji kadhaa wa lafudhi wamechuja hivyo. Ojwang' ni mbishi. Hujitetea, huapa, hulalamika, hugeuza swali likamrudia aliyeuliza, na Kiswahili chake, japo si sanifu, hakimwangushi kamwe. Mbele ya hakimu, lugha rasmi ya mahakama ndiyo inayoonekana kigugumizi. Hapo lafudhi si kasoro ya msemaji bali ni ngao ya mnyonge.

Hoja hii haimfuti machozi aliyedhihakiwa. Inaeleza tu kwa nini, Julai 2015, vyombo vya habari vilitangaza kwamba aliyefariki ni Mzee Ojwang', ndipo vikataja jina la Wanjau.