Nani Ashindwe Kwanza

Mzee anayevua pale Duluti hana rili. Ana mwanzi wa urefu wa kama mita nne, uzi wa nailoni uliofungwa nchani, boya la mwiba wa nungunungu, ndoana moja, na kopo la maziwa ya unga lililojaa udongo na nyungunyungu. Mimi hutoka Njiro na fimbo tatu mgongoni, rili mbili, na kisanduku chenye vyumba vingi kuliko nyumba yangu. Tukishasalimiana hunitazama nikifungua zipu moja baada ya nyingine, kisha huuliza: "Leo umewaletea zawadi gani, kijana wangu?" Nina miaka hamsini na moja.

Duluti liko Tengeru, mashariki ya mji wa Arusha, upande wa barabara ya Moshi. Ni shimo la volkano lililojaa maji, kama hekta 60 hivi, na msitu wa hifadhi umelizunguka. Wapo wanaoapa kwamba halina mwisho. Watafiti waliolipima walikuta kina cha kama mita 9 tu, na mzee naye, ambaye hajaiona karatasi yao, anajua hivyo hivyo kwa chubwi lake. Samaki anaowafuata ni perege, na jioni kambale.

Ule mwanzi nimeutazama miaka kadhaa sasa na bado haujanichosha. Aliukata kiangazi, maana mwanzi wa masika umejaa maji, ukikauka hujikunja na kupasuka. Machipukizi ya kijani aliyapita yote, akachukua mmoja uliokwisha kukomaa na kupoteza ung'avu, wenye pingili fupi zilizokaribiana. Nilimuuliza kwa nini fupi. Akaushika shinani, akautikisa mara moja, nami nikaona mtikisiko ukipanda kutoka kiganjani hadi nchani bila kukwama popote. Kila kifundo kinabeba sehemu yake. Mwanzi wa pingili ndefu, alisema, hupindia mahali pamoja, na mahali pale pale ndipo utakapovunjikia.

Baada ya kuukata aliuning'iniza jikoni, ncha ikitazama chini na jiwe limefungwa hapo, ukakaa katika moshi kwa miezi ili ukauke umenyooka. Tege mbili zilizobaki alizipasha juu ya makaa, akazinyoosha kwa goti na kushikilia mpaka zilipopoa. Alama nyeusi za makaa bado zipo. Ulaya na Marekani, karne ya 19, mafundi waliupasua mwanzi vipande sita vyembamba na kuvigundisha upya kuwa fimbo moja ya bei kubwa. Baadaye ikaja faiba, kisha, katika miaka ya 1970, kaboni. Fimbo zangu ni za kaboni. Ni nyepesi kweli, na perege akigusa chambo nasikia mpaka kwenye kiwiko. Lakini kaboni haisamehe: ikigongwa kwenye mlango wa gari haionyeshi kitu, halafu wiki tatu baadaye inakatika vipande viwili samaki akiwa bado mbali.

Siku moja niliketi karibu naye wakati anafunga uzi upya. Kutoka kwenye mwanzi hadi kwenye boya na chubwi alikuwa na uzi wa namba 30, yaani unene wa milimita 0.30, unaohimili kama kilo sita. Nilidhani ataufikisha hadi kwenye ndoana. Badala yake akaukata, akaunga kipande cha namba 20, urefu wa dhiraa moja tu, na ndoana akaifunga mwisho wa kile chembamba. Nikamwambia, mzee, hapo umeweka udhaifu karibu na samaki. Akacheka. Akanionyesha ule mti ulioanguka majini upande wa kushoto, matawi yote yako chini ya maji. Ndoana ikikamata kule, alisema, lazima kitu kikatike. "Sasa wewe chagua. Nani ashindwe kwanza?" Kikikatika chembamba, anapoteza ndoana moja. Kikikatika kinene, ndoana, chubwi na boya vyote vinakwenda, na nungunungu haokotwi kila siku.

Niliporudi Njiro jioni ile nilivimwaga vifaa vyangu mezani na kuvipanga upya kwa swali hilo. Kabla ya hapo nilikuwa nanunua kwa kuangalia nguvu. Fimbo ngumu, uzi mnene, breki ya rili imekazwa mpaka mwisho, kama mtu anayefunga mzigo juu ya basi. Fimbo yangu ya kwanza niliinunua dukani ikiwa imeshavishwa kila kitu ndani ya plastiki, na uzi wake ulikuwa umekaa kwenye rili muda mrefu hata ukatoka umejiviringa kama waya wa simu ya zamani. Kambale wa kwanza aliukata kana kwamba ni uzi wa buibui.

Uzi ndio wa kuchagua kwanza, na kila uzi una tabia yake. Nailoni, iliyoanza kuvuliwa samaki mwishoni mwa miaka ya 1930, huvutika, na kuvutika kule ni huruma: samaki akigeuka ghafla, uzi unarefuka kidogo kabla ya kukatika. Ubaya wake hunywa maji, na jua huila polepole, ndiyo maana koili zangu hukaa ndani ya soksi nyeusi. Ile waliyoileta Wajapani, florokaboni, huzama na haionekani kirahisi majini, kwa kuwa jinsi inavyopinda mwanga inakaribiana na maji yenyewe. Uzi wa kusuka, wa polithini, ni mwembamba kuliko nguvu zake, unaelea, na karibu hauvutiki kabisa. Kwa uzi huo utahisi samaki akipumua, lakini huruma imekwisha. Lazima uitafute kwingine: katika fimbo laini, au katika breki.

Breki niliipima chini ya mpera nyumbani. Nilifunga mwisho wa uzi kwenye mizani ya ndoano, ile ya kupimia nyama, mizani nikaifunga kwenye tawi, kisha nikarudi nyuma na fimbo imeinama mpaka rili ikaanza kuachia. Mshale ulisoma kilo mbili na nusu. Kipande changu chembamba kinahimili kilo tatu! Nikalegeza, nikavuta, nikalegeza, mpaka ukasoma kilo moja kasoro. Robo hadi theluthi ya nguvu ya uzi ulio dhaifu kuliko wote, hicho ndicho kipimo cha wavuvi wengi. Jirani aliyekuwa anamwagilia bustani aliuliza kama mpera unauma chambo.

Rili zangu ni za namna mbili, na zote zinanifurahisha kwa asili yake. Ya kwanza, iliyopewa hataza mwaka 1905, ilitoka kwa Illingworth, mtu wa viwanda vya nguo vya Bradford, Uingereza. Koili yake imesimama tuli na uzi unachomoka kwa mbele, kama unavyochomoka kwenye kibiringo kilichosimama mezani kwa fundi cherehani. Hiyo humfaa anayeanza, na hurusha chambo chepesi bila ugomvi. Ya pili ni kongwe zaidi, kazi ya fundi saa wa Kentucky aliyeitwa George Snyder, mwanzoni mwa karne ya 19. Huyu alitia meno ya saa ndani ya rili, hivyo mkono ukizunguka mara moja, koili inazunguka mara kadhaa. Za leo hufika mara sita au saba, na ni hesabu ile ile ya gia za baiskeli: gia ya kasi hukusanya uzi upesi, gia ya pole huvuta kizito. Koili ya Snyder huzunguka yenyewe wakati wa kurusha, na usipoizuia kwa kidole gumba inauzidi uzi mbio. Nimekaa saa nzima kwenye jiwe la Duluti nikifumua matokeo yake, yaliyofanana na nywele za mtoto aliyeamka. Mzee alivua perege wanne muda ule.

Rili hiyo ya pili niliinunua kwa ajili ya safari ya Naivasha. Huko, ng'ambo ya Namanga na Nairobi, kuna besi wa mdomo mpana, samaki wa Marekani aliyepandikizwa ziwani mwishoni mwa miaka ya 1920 ili watu wavue kwa starehe. Besi huvizia. Anajibanza kando ya mafunjo au chini ya magugu, na kinachopita mbele ya mdomo wake, samaki mdogo, chura, au wale kamba wekundu walioletwa mwaka 1970, anakivamia. Kwa hiyo mahali anapojificha ndipo panapochagua vifaa. Ndani ya magugu mazito unataka uzi wa kusuka wa kilo ishirini na zaidi na fimbo ngumu, kwa sababu unavua samaki pamoja na shamba lake. Kwenye maji meupe unashuka hadi florokaboni ya kilo tano. Ukivuta samaki wa bandia mwenye ndoana za meno matatu, kaboni ngumu itamchana besi mdomo. Faiba ya zamani, ile inayodharauliwa, inapinda mpaka katikati na kumwacha auume vizuri. Chambo cha kuelea juu nacho hakitaki florokaboni, maana itakizamisha pua.

Na fundo. Hapa sina budi kumrudia mzee. Hupitisha uzi kwenye tundu la ndoana, huuzungusha juu yake wenyewe mara tano, hurudisha ncha kwenye kitanzi cha kwanza, kisha kabla ya kukaza huutia mdomoni. Mate. Nailoni ikikazwa kavu huungua kwa msuguano, ndani kabisa ya fundo, usione kitu. Akishakaza hupitisha dhiraa nzima ya mwisho kati ya midomo, polepole, macho yamefumba, akitafuta mkwaruzo ambao kidole chenye sugu hakiwezi kuuona. Akiukuta, anakata na kuanza upya, hata kama perege wanaruka mbele yake.

Mwezi uliopita nilimpa fimbo yangu aijaribu. Jioni ikawa imeingia, boya likazama bila kuaga, na kambale akaondoka na uzi. Breki ikalia. Mzee hakugusa mkono wa rili hata mara moja. Alifanya alichozoea: akainua fimbo na kuanza kurudi nyuma, hatua kwa hatua, akipanda ukingo kinyumenyume kati ya mizizi, fimbo ya kaboni imepinda na rili ikiachia kwa sauti. Nikamwambia, zungusha mzee, zungusha! Akasema subiri. Kambale akapinda kushoto, akaingia kwenye ule mti ulioanguka, uzi ukanyooka, ukatulia, kisha ukalegea.

Boya likaibuka, likalala ubavu, likaanza kurudi kwetu na upepo. Mzee alilivuta taratibu, akakikagua kile kinene kwa midomo, akaridhika, akaniomba ndoana nyingine. Nikafungua zipu ya kwanza. Haikuwa humo.