Mawe ya figo Tenke: kazi ianze kwenye mkojo

Mjadala wa magonjwa ya figo katika ukanda wa shaba wa Lualaba, Kongo, ulipo mji wa Tenke, huishia haraka kwenye vifaa: iletwe skana ya kisasa, iletwe mashine ya kuvunja mawe, aje bingwa wa upasuaji. Mahitaji hayo ni ya kweli. Ila figo iliyozibwa huweza kufa ndani ya wiki chache, na wiki hizo mgonjwa huzimaliza nyumbani au kwenye kituo cha karibu, akimeza dawa za maumivu. Hoja yangu ni kwamba uamuzi mzito zaidi unaweza kufanyika Tenke kwenyewe, kwa chupa ya mkojo, kibandiko cha kupimia na ekografi, na kwamba bila hatua hiyo hata bingwa hodari atampokea mgonjwa akiwa amechelewa.

Tuanze na mkojo. Anayechimba au kuyeyusha madini kwenye joto hutoka jasho jingi, hunywa maji kidogo, na mkojo wake huwa mchache, mzito na wenye asidi. Utafiti uliochapishwa 2005 nchini Brazili uliwalinganisha wafanyakazi wa kiwanda cha chuma: kati ya wale wa kwenye joto kali 8% walikuwa na mawe, ilhali wenzao wa sehemu zenye joto la kawaida hawakufika 1%. Mkojo wa asidi ndio unaozaa jiwe la asidi ya yuriki, na jiwe hili halionekani kwenye eksirei. Anayetegemea picha hiyo peke yake atasema figo ni nzima. Kumbe kibandiko kilichochovywa kwenye mkojo kingebaki na rangi ya chungwa, yaani pH iko karibu na 5, na ekografi ingeonyesha doa jeupe linalong'aa na kivuli cheusi nyuma yake. Kama njia haijaziba, jiwe hili huyeyuka kwa sitrati ya potasiamu au bikaboneti ya sodiamu, pamoja na maji mengi, pH ikishikiliwa kati ya 6.5 na 7 kwa wiki kadhaa, pengine miezi. Kumpasua mtu huyo kabla ya kujaribu ni kumwumiza bure.

Ikiwa njia imeziba na mgonjwa ana homa, mambo hubadilika kabisa. Hapo jiwe si adui wa kwanza. Adui ni usaha uliofungiwa ndani ya figo. Sindano huingizwa kwenye figo kupitia ubavuni, upande wa mgongoni, ikiongozwa na ekografi, kwa ganzi ya sehemu hiyo tu, kisha mrija huachwa utoe uchafu. Jiwe hungoja. Njia hii ilielezwa na Goodwin na wenzake Marekani 1955, na ndiyo iliyowafungulia mlango Fernström na Johansson wa Uswidi, walioeleza 1976 jinsi ya kutoa mawe kupitia tundu kama hilo.

Atakayepinga atasema ekografi hutegemea mkono wa anayeishika, na kwamba gesi ya utumbo huficha sehemu ya kati ya mrija wa mkojo. Ni kweli. Lakini utafiti wa hospitali 15 za Marekani, uliochapishwa 2014 ukiwa na wagonjwa 2,759, haukuona kwamba walioanza na ekografi walikosewa magonjwa ya hatari kuliko walioanza na skana. Walioanza na ekografi, bila shaka, waliweza kupelekwa skana baadaye. Kwa hiyo sidai ekografi ichukue nafasi ya skana. Nadai ndiyo imchague wa kupelekwa.

Wengine watauliza: na kobalti je? Mwaka 2009 Banza Lubaba Nkulu wa Lubumbashi na wenzake walichapisha vipimo vya mkojo wa watu 351 wa Katanga, mkoa ambao wakati huo uliijumuisha Lualaba, na kobalti waliyoikuta ilikuwa ya juu kuliko iliyowahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida. Hilo ni jambo zito, na kadimiamu, iliyozidi pia, inajulikana kudhuru mirija ya figo. Hata hivyo madini kwenye mkojo huthibitisha kwamba yameingia mwilini. Hayathibitishi kwamba jiwe hili au uvimbe huu umetokana nayo. Kuidai migodi hewa na maji safi ni haki. Kumwacha mgonjwa bila kipimo kwa kuwa chanzo kimeshatajwa si haki.

Uvimbe ndio unaonitia hofu zaidi, kwa sababu huanza bila maumivu. Damu kwenye mkojo ikionekana, wengi hufikiria kichocho, dawa hutolewa, damu hukoma kwa muda, na mtu wa miaka 50 hurudi nyumbani na saratani yake. Kila anayekojoa damu bila maumivu, hasa mtu mzima, apigwe ekografi hata kama kichocho kimepatikana. Kifuko cha maji huonekana cheusi chote chenye ukuta mwembamba. Kinyama kigumu hakiwi hivyo, na mwenye nacho lazima afike kwenye skana, hata kama ni Lubumbashi, ili ijulikane kama ugonjwa umeingia kwenye mshipa mkubwa wa damu. Na ikibidi figo iondolewe, kuna swali la kale: daktari wa upasuaji Gustav Simon, kabla ya kuondoa figo ya mgonjwa kule Heidelberg, Ujerumani, 1869, alijaribu kwanza kwa mbwa ili ajue kama figo moja inatosha kuishi. Swali lake bado ni la kwanza leo, na jibu lake halihitaji mashine kubwa: ekografi ya upande wa pili na kipimo cha kreatinini, vyote viandikwe kwenye barua ya rufaa kabla mgonjwa hajapanda gari.