Upepo Peke Yake Haupeleki Ngalawa

Katika daftari za sayansi, kani huchorwa kwa mishale. Gari lina mshale mmoja unaoelekea mbele, ulioandikwa "msukumo", na mwingine unaoelekea nyuma, ulioandikwa "msuguano". Mwanafunzi akishauchora mchoro huo mara kadhaa huondoka na hukumu kichwani: mshale wa mbele ni rafiki, wa nyuma ni adui. Mmoja huleta mwendo, mwingine huupunguza. Hukumu hiyo hukaziwa na hasara ambazo kila aliyesoma anazikumbuka: msuguano humaliza soli za viatu, hupasha vyuma moto, hupoteza nishati. Faida zake hutajwa kwa haraka, kisha somo likaendelea.

Iko kazi katika mwambao wetu ambayo huitengua hukumu hiyo kila kukicha. Ni kazi ya ngalawa: kuiunda, kuifunga na kuipeleka. Wanaoifanya wako Nungwi na Pemba, Bagamoyo, Mafia na Kilwa, hadi ng'ambo huko Komoro. Ninaisifu kazi hii kwa moyo wangu wote, wala si kwa ajili ya tanga jeupe linalopendeza machoni mwa wageni. Ninaisifu kwa kuwa ni elimu kamili ya kani na mwendo, na katikati yake limo jambo ambalo darasa hulipita mbio: nguvu isiyo na kitu cha kupingana nacho haikufikishi unakotaka.

Tuanze na gogo lenyewe. Fundi huchukua shina la mti, mara nyingi mwembe, akalichonga kwa shoka, kisha akalichimba kwa tezo. Mtazame anapofika ubavuni. Tezo haishuki tena kwa kishindo; inakwangua, na vibanzi vinavyodondoka ni vyembamba kiasi cha kupeperuka. Anagonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Anaweka kiganja kimoja ndani na kingine nje, akavitembeza pamoja kutoka omo hadi tezi, akipima unene ambao jicho halioni. Ubavu ukizidi unene, chombo kitakuwa kizito. Ukipungua mno, utapasuka siku ya mawimbi. Na umbo analolitoa ni refu, jembamba, lililochongoka ncha zote mbili. Lisukume kwa urefu, maji hupisha. Lisukume kwa ubavu, maji hugoma. Fundi ametia ukinzani wa aina mbili katika mti mmoja, na tofauti kati ya huo mdogo na huo mkubwa ndiyo inayokifanya chombo kiwe chombo. Bila hiyo lingekuwa gogo linaloelea tu.

Hata huko kuelea ni kupingana. Uzito unavuta chini, maji yanasukuma juu, na mtumbwi hudidimia mpaka maji uliyoyasogeza yawe na uzito sawa na wake na wa shehena yake. Archimedes wa Syracuse aliliweka wazi jambo hilo zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Ukipakia kilo 300 za watu, nyavu na samaki, ngalawa itashuka mpaka isogeze lita 293 hivi zaidi za maji ya bahari, kisha itatulia.

Sasa pandisha tanga. Upepo ukivuma kutoka nyuma moja kwa moja, hapana fumbo. Hata kifuu cha nazi kitakwenda. Fumbo huanza upepo unapotoka ubavuni. Tanga likikazwa kwa pembe yake hupokea kani ambayo sehemu yake inakisukuma chombo kando, na sehemu nyingine inakisukuma mbele. Kifuu kingechukuliwa kando. Ngalawa haichukuliki kwa urahisi, kwa sababu ubavu wake wote umeegemea maji, na maji ya bahari, kwa ujazo ule ule, ni mazito kuliko hewa zaidi ya mara 800. Kani ya kando hukutana na ukinzani wa maji na karibu yote ikafutika. Hubaki ile ya mbele, ambayo mbele yake maji yanapisha. Ibane mbegu mbichi ya ndimu kati ya vidole viwili, nayo itachomoka. Kidole kimoja hakiwezi kuichomoa. Upepo ni kidole kimoja; cha pili ni bahari.

Kwa njia hiyo nahodha anaweza hata kupanda kuelekea upepo unakotoka. Hapandi moja kwa moja, maana hakuna tanga duniani linaloweza hilo. Huenda mshazari upande mmoja, akapindua, akaenda mshazari upande wa pili, na kwa kubisha hivyo hufika. Majahazi makubwa yaliyokuja Lamu, Mombasa na Unguja kutoka Omani na Ghuba yaliishi kwa kusubiri msimu: kaskazi iyalete, kusi iyarudishe. Mvuvi hana miezi ya kusubiri. Alfajiri anatoka na umande, upepo utokao bara, na siku hiyo hiyo lazima arudi kwa watoto wake, upepo ukubali usikubali. Kurudi kwake nyumbani kunategemea yale maji yanayokataa kusogea.

Utazame na usukani. Hauna nguvu yake wenyewe. Ni ubao uliowekwa njiani mwa maji yanayopita. Ukigeuzwa kidogo, maji huupiga, na tezi ikasukumwa upande. Kwa kuwa umefungwa mwisho kabisa wa chombo, mbali na mahali kinapozungukia, kani ndogo ya mkono mmoja kwenye kana hutosha kugeuza mzigo wa mamia ya kilo. Lakini chombo kikisimama, usukani haushiki. Hapana maji yanayopita, kwa hiyo hapana cha kupingana nacho, na nahodha atazungusha kana mpaka achoke.

Mkono wake wa pili umeshika demani, kamba inayolikaza na kulilegeza tanga. Upepo ukiongezeka mara mbili, kani yake kwenye tanga huongezeka mara nne hivi. Hakuna muda wa kupiga hesabu. Kamba inakaza kiganjani, anailegeza kiasi cha shubiri; ukingo wa tanga unaanza kupigapiga, anaivuta tena. Macho yako mbali, kwenye weusi unaotambaa juu ya maji, maana hapo ndipo upepo unaofuata ulipo.

Ile kani ya kando iliyozuiwa na maji bado ina madhara yake. Upepo unasukuma juu, kwenye tanga. Maji yanasukuma chini, kwenye ubavu. Na kani mbili zinazopingana katika urefu tofauti hukilaza chombo. Mtumbwi mwembamba usio na kinga ungepinduka mara moja. Ndipo inapoonekana akili ya ndubi, zile mbao mbili za pembeni zilizoshikwa na matengo, miti inayokingama juu ya mtumbwi. Ndubi ya upande wa demani, yaani upepo unakoelekea, hukandamizwa majini, na maji huiinua. Ya upande wa joshi, upepo unakotoka, huinuka kutoka majini, na uzito wake huivuta chini. Zote mbili zinakizuia chombo kisilale. Upepo ukizidi, baharia hutambaa juu ya tengo akakaa nje ya mtumbwi. Mtu wa kilo 60 ana uzito wa nyutoni 600 hivi. Akikaa mita moja kutoka katikati, momenti yake ni nyutoni-mita 600. Akisogea hadi mita mbili inafika 1,200. Uzito ni ule ule, ila umbali umeongezeka, na umbali huo umeokoa chombo.

Viungo vya matengo na ndubi mara nyingi hufungwa kwa kamba badala ya kupigiliwa misumari. Wimbi linapoigonga ndubi, kamba hunyumbuka kidogo, na pigo likachukua muda mrefu zaidi kufika kwenye mti. Fizikia inasema badiliko lile lile la mwendo likitandazwa katika muda mrefu huhitaji kani ndogo. Fundi husema kwamba kilichofungwa vizuri lazima kicheze.

Liko somo jingine ambalo wanafunzi wengi huling'ang'ania bila kulipata. Waulize: kani zote juu ya kitu zikilingana, kitu hicho kinafanya nini? Wengi watajibu kwamba kinasimama. Sasa ifikirie ngalawa iliyo katikati ya safari, upepo umetulia, mwendo haupandi wala haushuki. Mwanzoni upepo uliyashinda maji, kasi ikaongezeka. Kadiri kasi ilivyoongezeka ndivyo maji yalivyozidi kukinza, mpaka vikalingana. Kani zimefutana, na chombo kinakwenda. Ndiyo kanuni ya kwanza ya mwendo aliyoichapisha Isaac Newton mwaka 1687, na wanaoipeleka ngalawa wanaiishi kila siku upepo unapotulia.

Wala si ajabu kwamba wanasayansi wa Ulaya nao walijifunzia jambo hili chomboni. Galileo, katika kitabu chake cha mwaka 1632, alieleza kwamba mtu aliyefungiwa ndani ya meli inayokwenda kwa utulivu hawezi kujua, kwa kutazama vitu vinavyoanguka humo, kama inakwenda au imesimama. Mwaka 1640 Pierre Gassendi alifanya jaribio huko Marseille: mawe yaliangushwa kutoka juu ya mlingoti wa merikebu iliyokuwa ikienda kasi, yakaanguka chini ya mlingoti ule ule, wala hayakubaki nyuma. Jiwe lilikuwa na mwendo wa chombo tangu lilipokuwa juu. Baharia wa jahazi akidondosha fundo la kamba kutoka mlingotini huliona jambo lilo hilo.

Kwa sababu hiyo nahodha hushusha tanga mapema. Jahazi lililosheheni boriti halina breki, na upepo ukiondolewa mwendo haufi. Tungamo kubwa huendelea kusonga mpaka maji yalichoshe. Nahodha hodari huushusha mzigo wa tanga kabla ya gati, akayaachia maji kazi ya kumalizia, na chombo kikagusa taratibu. Mwanagenzi hutegemea upepo kwa kwenda na nguvu za mikono kwa kusimama. Hodari hutegemea bahari kwa yote mawili.

Wahenga walisema chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Kazi ya ngalawa imenifundisha kuihesabu bahari yenyewe kuwa mojawapo ya nyenzo hizo, na kuwahesabu mafundi na manahodha wetu kuwa walimu wa fizikia, hata wale ambao hawakupata kukaa darasani muda mrefu. Elimu yao haina makosa ya kusahihisha. Inahitaji kuandikwa na kufundishwa.

Basi wewe mwalimu wa sayansi uliye karibu na bahari, wapeleke wanafunzi wako ufukweni, umwombe fundi ruhusa. Waingie majini mpaka magotini, wausukume mtumbwi kwa ncha yake, kisha wausukume kwa ubavu. Uliye bara, beseni la maji na ubao mrefu vinatosha. Kila mtoto asukume mwenyewe kwa mkono wake. Fanya hivyo kabla hujaandika neno lolote ubaoni.