Karagosi Aliyewaongoza Wachezaji Wake

Karagosi ni neno lililotufikia kutoka mbali. Asili yake ni Kituruki, na huko lilikuwa jina la mchekeshaji wa mchezo wa vivuli: sanamu ya ngozi iliyochezeshwa nyuma ya shuka, mbele ya taa, watu wakacheka hadi usiku mkubwa. Katika Kiswahili neno hili limeingia ubaya. Tukimwita mtu karagosi tunamtukana. Maana yetu ni kwamba hana nia yake mwenyewe wala kauli yake, na kwamba kamba zake zimo mikononi mwa mwingine. Katika insha hii nataka kuupima mchezo mmoja ulioipindua maana hiyo. Na kwa sadfa njema, mchezo huo ulianza katika nchi ile ile ya Uturuki.

Tarehe 27 Julai, 1921 ingeongezwa miaka 100, yaani mwaka 2021, katika mji wa Gaziantep ulio karibu na mpaka wa Shamu, msichana mmoja alitoka kumtafuta mama yake. Jina lake ni Amal. Umri wake miaka 9. Kimo chake mita 3.5, karibu mara mbili ya kimo cha mtu mzima. Alikuwa sanamu. Alipita Uturuki, Ugiriki, Italia, Uswisi, Ujerumani, Ubelgiji na Ufaransa, akavuka bahari kuingia Uingereza, na tarehe 3 Novemba akawasili Manchester baada ya safari ya kilometa 8,000 hivi. Kila alipofika, wenyeji walikuwa wamemwandalia ngoma, nyimbo, taa au maonyesho, na watu walitoka jamaa kwa jamaa, wazee na watoto wao, kumlaki. Kwa hiyo tamasha hili halikuwa na ukumbi. Watazamaji hawakuliendea, lenyewe liliwaendea watazamaji.

Waliolibuni walikuwa kundi la mchezo wa kuigiza liitwalo Good Chance, ambalo lilizaliwa mwaka 2015 katika kambi ya wakimbizi ya Calais, na msimamizi wake wa sanaa alikuwa Mpalestina, Amir Nizar Zuabi. Sanamu yenyewe iliundwa Afrika, na kundi la Handspring la Cape Town, lililoanzishwa mwaka 1981. Hawa ndio waliomwunda farasi wa mchezo wa War Horse ulioonyeshwa London mwaka 2007. Ni vema msomaji alikumbuke jambo hili. Bara letu limezoea kutajwa kuwa mpokeaji wa sanaa za wengine. Hapa lilikuwa mwalimu.

Sasa tuwatazame wachezaji, maana sanamu nzuri katika mikono mibaya ni mti mkavu. Mmoja wao husimama ndani ya kiwiliwili cha henzirani, juu ya mironjo, naye ndiye miguu ya mtoto na ndiye uso wake. Mbele ya kifua chake zimepangwa nyuzi nyingi, ambazo wenyewe wameziita kinubi. Kwa kuzivuta humgeuza kichwa, humfumba na kumfumbua macho, na kumwinua uso. Wengine wawili hutembea ubavuni nje, kila mmoja ameshika mkono wa Amal kwa ufito. Upepo ukivuma, huhitajiwa mwingine nyuma ili mtoto asianguke. Basi hatua moja ya Amal ni shauri la watu watatu au wanne wasioweza kusemezana mbele ya watu. Wa mkono wa kulia asipoifuata pumzi ya aliye ndani, mtoto hufa palepale mbele ya macho yetu, hubaki fito na nguo.

Hapa ndipo ustadi wao unapostahili sifa. Sisi tulio mbali tuliiona safari hii katika filamu tu, lakini hata katika filamu jambo moja huonekana wazi: Amal hupumua. Kabla ya kutembea kifua hupanda. Kabla ya kuunyosha mkono, macho hutangulia kuutazama mkono unakokwenda. Mtu aliye hai hufanya hivyo bila kujua. Mchezaji hana budi kulijua, kulijifunza, kisha kulificha. Tena Amal hasemi. Katika safari yote hiyo hakutoa neno moja. Mchezaji mdogo wa akili angeona huo ni upungufu, akampa sauti ya kulia na kuomba. Hawa walikinai kwa kimya, na kimya kile kiliwatumikia kuliko hotuba, kwa kuwa mtoto wa Kigiriki, wa Kiitaliano na wa Kiingereza walimwelewa bila mkalimani.

Linganisha na desturi ya wachezaji wengi wanaoitwa kuwafurahisha watoto. Hupiga kelele, huuliza maswali ambayo majibu yake yanajulikana, huanguka ovyo ili wachekwe, na huamini kuwa mtoto ni mtu mzima aliyepunguzwa akili. Huo si upendo wa watoto. Ni dharau iliyovikwa nguo za rangi. Wachezaji wa Amal walifanya kinyume. Waliwapa watoto jambo zito, upotevu wa mama, wakaliweka mbele yao taratibu, wakawaacha walitazame. Na kwa kumfanya mtoto kuwa mkubwa kuliko baba zao, walitimiza hila njema: mtoto mkimbizi, ambaye siku zote hupitwa bila kuonwa, safari hii hakuna aliyeweza kumpita. Watu wazima walilazimika kuinua nyuso ili kumtazama mtoto usoni.

Si kila mahali alipokewa kwa maua. Katika Ugiriki, halmashauri moja ya upande wa Meteora, kwenye nyumba mashuhuri za watawa, ilikataa asipite kwao. Na katika mji wa Larissa baadhi ya watu walimtupia mawe. Tafakari jambo hili, msomaji. Hapana mtu mwenye akili timamu anayelirushia jiwe tenga la henzirani. Ajirushiaye jiwe sanamu amekwisha kukiri moyoni mwake kwamba ina uhai. Mawe yale, kwa ubaya wake wote, yalikuwa ushahidi wa ustadi wa wachezaji uliotolewa na adui.

Walakini mhakiki hakuajiriwa kusifu tu. Naona kasoro mbili. Ya kwanza ni ya umbo la mchezo. Safari ndefu yenye makaribisho mengi huelekea kujirudia: Amal anafika, anastaajabu, anaogopa kidogo, anapigiwa ngoma, anaondoka. Mlolongo huo ukitazamwa mara ishirini hupoteza makali, na katika miji fulani shangwe ya wenyeji ilizidi kiasi hata simulizi ya mtoto anayemtafuta mama yake ikamezwa na sherehe. Mpapa, mameya na wakuu walipojitokeza kumlaki, palikuwa na hatari ya mkimbizi kugeuka mgeni wa heshima, na hivyo ndivyo mkimbizi asivyo.

Ya pili ni nzito zaidi. Wako wanaouliza: ni jambo gani hili, sanamu ya mkimbizi ipitishwe mipakani kwa vigelegele, na mtoto mkimbizi mwenye damu na nyama azuiwe kwenye mipaka ile ile? Swali hili lina haki. Sisi Wakenya hasa hatuna ruhusa ya kulipuuza, kwa sababu kambi za Dadaab zilianza mwaka 1991 na ya Kakuma mwaka 1992, na watoto waliozaliwa humo wamekwisha kuwa wazazi. Machozi tunayomlilia karagosi ni rahisi. Hayatugharimu chakula wala nafasi darasani.

Jibu langu ni hili. Mchezo haufungui mpaka, wala haujapewa kazi hiyo. Kazi yake ni kumfanya aliyefunga mpaka asiweze kusema kwamba hakujua amemfungia nani. Miongoni mwa wachezaji wa Amal walikuwamo waliouonja ukimbizi wenyewe, na safari yao haikumaliziwa kwa mama na mtoto kukumbatiana, jambo ambalo lingewapeleka watazamaji nyumbani wameridhika. Walikataa kutupa faraja ambayo dunia haijaistahili. Kwa hukumu yangu, uaminifu huo unaifunika kasoro ya kwanza, na kasoro ya pili unaturudishia sisi wenyewe.

Jina Amal kwa Kiarabu ni tumaini. Mwanafunzi wa Kiswahili atalifikiria neno letu amali, lenye maana ya tendo, adhani kuwa ni moja. Kumbe katika Kiarabu ni maneno mawili yenye herufi za mwanzo mbalimbali, na sikio letu ndilo lililoyakaribisha pamoja. Wachezaji walitimiza sehemu yao: walilibeba tumaini mabegani kutoka Gaziantep hadi Manchester, hatua kwa hatua, wakiwa wamejificha ndani yake. Amali ni sehemu ya waliosimama kando ya barabara wakitazama.