Mjomba na Mtawala: Mgogoro na Mhusika katika Antigone ya Sophocles

Mwanafunzi wa fasihi akiulizwa tanzia ni nini, aghalabu hujibu kwa kanuni aliyoikariri: mhusika mkuu mwenye hadhi, dosari moja katika tabia yake, kisha anguko. Kanuni hii hunasibishwa na Aristotle, na imerudiwa mno katika madarasa yetu hata ikachukuliwa kuwa sheria. Lakini neno analolitumia Aristotle katika risala yake juu ya ushairi, yaani hamartia, lina asili ya kukosa shabaha. Ni kosa la tendo au la kutojua, wala si lazima liwe ila ya moyo. Isitoshe, Aristotle anashikilia kwamba tanzia ni mwigo wa matendo na si wa watu, na anaiweka tabia nyuma ya msuko. E. R. Dodds alilifafanua jambo hili mwaka 1966 alipojadili namna tamthilia ya Oedipus inavyoeleweka visivyo. Msomaji wa Kiswahili aliyeipata tamthilia hiyo kwa tafsiri ya Samuel Mushi, Mfalme Edipode, anaweza kujijaribia mwenyewe. Akisema Oedipus aliponzwa na hasira, itambidi aeleze kwa nini hasira ile ile, kama ingemwangukia mgeni mwingine yeyote njiani, isingezaa tanzia hii.

Makala haya yanaichunguza tamthilia ambayo imeathiriwa na kanuni hiyo kwa namna isiyoonekana upesi: Antigone ya Sophocles, iliyoigizwa Athens yapata mwaka 441 KK. Kisa chake ni mashuhuri. Ndugu wawili wameuana vitani kwenye malango ya Thebes. Mmoja, Eteocles, anazikwa kwa heshima, na mwingine, Polyneices, aliyekuja na jeshi la kigeni, anatupwa nje aliwe na mbwa na ndege. Dada yao Antigone anamzika, naye mtawala Creon anamhukumu kufungiwa katika pango angali hai. Tangu Hegel, wahakiki wengi wamezoea kuuona hapa mgogoro wa haki mbili: haki ya dola, anayoibeba Creon, na haki ya ukoo, anayoibeba Antigone. Kila mmoja ana haki, na kila mmoja anakosa kwa kuikana haki ya mwenziwe. Ni usomaji wenye nguvu, na umetufaa kwa kutuzuia kumwona Creon kuwa jahili tu. Hata hivyo tunadai kwamba unakitenganisha kile ambacho tamthilia imekifungamanisha.

Kwanza, tukubali kwamba hadhira ya Athens haikuwa na sababu ya kumchukia Creon tangu mwanzo. Hotuba yake ya kwanza, kwamba anayempendelea rafiki kuliko nchi yake hana thamani, ilikuwa na heshima kiasi kwamba Demosthenes aliinukuu mahakamani mwaka 343 KK kama funzo la uraia mwema. Marufuku ya kumzika msaliti nayo haikuwa ngeni. Sheria ya Athens ilikataza wahaini kuzikwa katika ardhi ya Attica, na Thucydides anaeleza habari iliyosimuliwa kwamba mifupa ya Themistocles ilizikwa huko kwa siri kwa sababu hiyo hiyo. Kuzikwa nje ya mipaka, hata hivyo, ni jambo moja. Kuuacha mwili ndani ya nchi, ukilindwa na askari ili usizikwe na yeyote, ni jambo jingine. Creon anaanza na desturi inayofahamika, kisha anaivusha mpaka wake. Hakuna dosari ya kuzaliwa nayo hapa. Tunamwona mtu akiumbika kuwa dhalimu kadiri anavyojibu: anamjibu mlinzi, anamjibu Antigone, anamjibu mwanawe Haemon, na kila jibu linamfungia njia ya kurudi.

Sasa tufikie jambo ambalo usomaji wa haki mbili hulipita. Creon ni kaka yake Jocasta. Yaani ni mjomba wa Polyneices na wa Antigone. Baba amekufa, mama amekufa, ndugu wa kiume wamekufa. Mwanamume wa karibu aliyesalia, ambaye wajibu wa maziko ungemwangukia, ni yeye mwenyewe. Haki hizi mbili, basi, hazikugawanywa kwa watu wawili. Zote zimemwangukia mtu mmoja, naye anaichagua moja na kujifanya nyingine haipo. Sophocles anahakikisha tunalisikia hilo. Katika onyesho la kwanza Antigone, akizungumza na Ismene, anamtaja Creon kuwa jemadari. Naye Creon, akitoa hukumu, anakiri kwamba msichana huyu ni mtoto wa dada yake, kisha anaongeza kwamba hata angekuwa wa karibu kuliko wote wanaoabudu katika madhabahu ya nyumba yake, asingeponyoka. Anautaja udugu ili aukane. Kwa msomaji anayejua uzito wa neno mjomba, mstari huo hauhitaji ufafanuzi.

Ushahidi mzito zaidi umo katika mpangilio wa matendo kuelekea mwisho. Mwaguzi Tiresias amemshutumu Creon kwa kupindua utaratibu: aliye hai amemtia kaburini, na aliyekufa amemzuia juu ya ardhi. Creon anatishika na kuomba ushauri. Kiongozi wa korasi anampa kwa mfuatano ulio wazi: nenda ukamtoe msichana pangoni, kisha umjengee kaburi yule aliyetupwa. Creon anakubali, na anaondoka akisema kwamba yeye aliyefunga ndiye atakayefungua. Lakini mjumbe anaporudi na habari, tunasikia kwamba walianza na maiti. Waliiosha, wakaiteketeza, wakainua tuta la kaburi. Ndipo wakaelekea pangoni. Antigone alikuwa amejinyonga, na Haemon yu kando yake.

Kwa nini alianza na maiti? Wapo wasemao kwamba hofu ya Tiresias ilihusu zaidi madhabahu zilizonajisiwa na nyama ya maiti, hivyo Creon alifuata alichokiogopa. Huenda. Lakini tendo lenyewe linasema zaidi ya sababu yake. Mjomba ameurudia wajibu wake, na ameurudia kama mtawala: anasahihisha amri kwa utaratibu ule ule alioitolea, maiti kwanza na aliye hai baadaye. Tabia ya Creon haielezwi popote kwa uwazi zaidi ya hapa, nayo inaelezwa kwa mfuatano wa kazi mbili.

Antigone naye hasalimiki na swali hili. Karibu na kuondoka kwake anasema kwamba asingefanya vile kwa ajili ya mume wala mtoto, kwa kuwa hao wanaweza kupatikana tena, lakini ndugu hapatikani baada ya wazazi kufa. Mwaka 1827 Goethe alimwambia Eckermann kwamba angefurahi kama mtaalamu fulani angethibitisha kuwa maneno hayo si ya Sophocles. Aristotle, hata hivyo, anayataja katika risala yake juu ya balagha, kwa hiyo yalikuwamo tayari katika karne ya nne KK. Kinachowakera wasomaji ni kwamba msichana aliyetetea sheria zisizoandikwa za miungu sasa anapiga hesabu ya jamaa. Kwa maoni yetu hapo hapana kujipinga. Alipokuwa mbele ya Creon alihitaji sheria; mbele ya kaburi anamhitaji ndugu, na ndugu huyo ni mmoja. Anayetaka mhusika awe hoja moja tangu mwanzo hadi mwisho atataka kuifuta mistari hiyo.

Baada ya mstari wa 943 Antigone haonekani tena jukwaani, ilhali tamthilia ina mistari 1353. Mwili wa Haemon unaletwa mikononi mwa baba yake. Mwili wa Eurydice unaonyeshwa. Wa Antigone hauletwi. Katika tamthilia ambayo kisa chake chote ni maziko, hakuna anayeuliza nani atamzika, na mwanamume wa ukoo aliyesalia kufanya hivyo ni mjomba wake.