Kipeperushi kilihesabu pampu, kikasahau paipu

Mwezi wa saba shangazi yangu, anayeishi Kitengela, alinipigia simu saa tatu usiku. Salamu hazikuwa ndefu. "Wewe si unasomea mambo ya joto huko chuoni? Basi njoo uniambie kwa nini tokeni ya elfu mbili inaisha kwa siku nne na mimi nina sola juu ya paa."

Sola yenyewe ni ile ya kuchemsha maji, tangi la lita 300, ndani yake kuna koili ya stima ya kusaidia siku za mawingu. Ilifanya kazi miaka kadhaa bila lawama. Kilichobadilika ni kitu kimoja tu: miezi mitatu kabla ya simu hiyo alikuwa ameuziwa pampu ya kuzungusha maji moto. Alikuwa bado ana kipeperushi chake, amekikunja vizuri ndani ya kabati la vikombe. Nimekisoma mara nyingi kuliko baadhi ya makala za thesisi yangu, na ndicho ninachotaka kukichambua hapa. Kampuni sitaitaja, maana maneno yake ni yaleyale utakayoyakuta kwenye hadwea yoyote.

Kwanza tuelewane pampu hii inafanya nini. Tangi liko juu ya paa, bafu la chini liko mbali. Ukifungua mfereji wa maji moto asubuhi, kinachotoka kwanza ni maji yaliyolala ndani ya paipu usiku kucha. Unasubiri, unayamwaga, ndipo ya moto yanafika. Dawa yake ni kuongeza paipu ya pili inayorudi kwenye tangi, na pampu ndogo inayoyazungusha maji polepole, ili kila unapofungua mfereji uyakute ya moto yako tayari mlangoni. Mahoteli na hospitali yamefanya hivyo kwa miaka mingi, tena kwa sababu nzuri: huko mfereji fulani unafunguliwa karibu kila dakika, na maji yakikaa vuguvugu kwenye mabomba marefu yanafuga bakteria wa lejionela. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka maji moto yanayozunguka yasishuke chini ya nyuzi 50.

Sasa kipeperushi. Kinadai mambo matatu: utaokoa maelfu ya lita za maji, utapata maji moto papo hapo saa 24, na pampu inakula wati 22 tu, "chini ya balbu". Kinachoudhi ni kwamba hakuna uongo hata mmoja hapo. Kila dai, ukilipima peke yake, linapita.

Tuanze na maji. Paipu yenye upana wa ndani wa milimita 20 inabeba takriban lita 0.31 kwa kila mita. Kwa shangazi, kutoka tangini hadi bafu la chini ni kama mita 20, kwa hiyo lita sita na kidogo zinamwagwa kila paipu inapokuwa imepoa. Watu wakioga kwa kufuatana, ni wa kwanza tu anayemwaga. Tukadirie mara nne kwa siku: lita 25. Kwa mwaka zinapita lita 9,000. Kwa hiyo "maelfu ya lita" ni kweli, na kwa mtu anayenunua maji ya boza si kitu cha kuchekea.

Na wati 22? Nazo ni kweli. Zikiwaka usiku na mchana ni nusu yuniti ya stima kwa siku. Nilipofika kwake na mita yangu ya kuchomeka ukutani, pampu ilisoma 21. Fundi aliyeifunga, ambaye shangazi alikuwa amemwita pia ili tugombane mbele yake, alinitazama kwa macho ya "nilikwambia."

Lakini hebu fikiria ile paipu yenyewe. Ni mita 20 za kwenda na mita 20 za kurudi, zimejaa maji ya nyuzi 55, zinapita ndani ya nyumba ya nyuzi 20, bila kufunikwa na chochote. Paipu ya plastiki ya aina ile tunayotumia kwenye majengo mengi, ile ya milimita 25 kwa nje, inapoteza kama wati 20 kwa kila mita katika hali hiyo. Zidisha kwa mita 40. Ni wati 800. Yaani pampu ni balbu, sawa, lakini paipu ni pasi ya nguo iliyoachwa ikiwaka saa 24. Kwa siku ni yuniti 19.

Ili uone ukubwa wa yuniti 19: kupasha tangi zima la lita 300 kutoka nyuzi 20 hadi 50 kunahitaji kama yuniti 10 na nusu. Paipu za shangazi zingeweza kunywa joto la karibu matangi mawili kila siku, hata asioge mtu. Jua likishindwa, na mwezi wa saba Kitengela jua hushindwa sana, koili inalipia. Nikitumia shilingi 30 kwa yuniti ili hesabu iwe rahisi, yuniti 19 ni shilingi 570 kwa siku. Na zile lita 25 zilizookolewa? Hata ukilipa shilingi 150 kwa kila lita 1,000, ni kama shilingi nne.

Wacha niwe mwadilifu. Bila pampu pia joto linapotea, maana kila ukifunga mfereji unaacha lita sita za moto zipoe ndani ya paipu. Hiyo ni robo yuniti kila mara, yuniti moja kwa siku kwa zile mara nne. Basi ulinganisho wa haki ni yuniti 19 dhidi ya moja. Bado.

Tulifanya jaribio ambalo hata profesa wangu asiyependa majaribio ya jikoni angelikubali. Usiku wa kwanza pampu ikiwaka, tuliandika mita ya stima saa nne usiku na tena saa kumi na mbili asubuhi, watu wote wamelala: yuniti sita zimeenda. Usiku wa pili tukaizima pampu: yuniti moja, na hiyo ni friji na taa ya nje. Shangazi hakungoja maelezo. "Kwa hiyo nimekuwa nikipasha ukuta," alisema. Sikuwa na sentensi bora kuliko hiyo.

Hata ukiondoa koili, hali haiponi. Kwa hesabu yangu, tangi la nyuzi 55 lililounganishwa na mzunguko kama ule linashuka hadi karibu nyuzi 37 baada ya saa kumi za usiku. Unalala na maji moto, unaamka na maji ya kuogeshea mtoto. Maneno "papo hapo saa 24" yanageuka kuwa vuguvugu papo hapo.

Nadhani mengi ya matangazo haya yamenakiliwa kutoka nchi za baridi bila kufikiria. Kule Marekani, nyumba ikiwa inapashwa joto miezi kadhaa ya mwaka, joto linalovuja kwenye paipu angalau linasaidia sebule. Huku kwetu nyumba nyingi hazina hita ya chumba, na hakuna anayemshukuru ukuta kwa kuwa na joto saa nane usiku. Halafu kuna wanaouziwa pampu hii huku wakitumia shawa ya umeme inayochemsha maji palepale kichwani. Hao hawana paipu ya kusubiri, kwa hiyo pampu haina kazi kwao kabisa.

Kosa lingine, na hili si la kipeperushi bali la sisi wanunuzi na mafundi: kudhani nyumba ya ghorofa inahitaji pampu kubwa. Fundi alitaka kuweka ya nusu hospawa. La hasha. Mzunguko umejaa maji pande zote mbili, yanayoshuka yanasawazisha yanayopanda, kama ndoo mbili za uzito mmoja kwenye kamba ya kapi. Pampu inapambana na msuguano wa paipu tu. Kwa nyumba ile, lita mbili na kitu kwa dakika zilitosha. Pampu ya pressa ni mnyama mwingine, usikubali kuuziwa moja ukiitaka nyingine.

Je, pampu ni takataka? Hapana, na hapo ndipo kipeperushi kinaniudhi zaidi, kwa sababu kifaa ni kizuri na kinauzwa kwa matumizi mabaya. Iache ilale. Weka swichi ya kubonyeza bafuni na jikoni: unabonyeza, pampu inazungusha kwa dakika moja au mbili, kipimajoto kilicho mwisho wa paipu kikihisi joto kinaizima, ndipo unafungua mfereji. Maji hayamwagiki, na joto linalopotea halizidi sana lile la zamani. Taima ya asubuhi na jioni ni chaguo la pili. Paipu zifunikwe kwa sponji nyeusi kabla ya kufukiwa ukutani, maana sponji ya milimita 13 tu inapunguza upotevu kwa zaidi ya nusu. Pasikosekane valvu ya njia moja kwenye paipu ya kurudi, la sivyo ukifungua mfereji wa moto, maji baridi ya chini ya tangi yanapitia mlango wa nyuma na kukuharibia yote. Na kama unajenga sasa, mweleze fundi asiweke paipu ya inchi moja pale ambapo nusu inchi inatosha. Upana ukipungua nusu, maji ya kumwaga yanabaki robo. Hiyo hainunuliwi hadwea.

Kuna na ndoo. Kabla ya pampu, shangazi alikuwa akikinga yale maji ya kwanza kwa ndoo na kuyatumia chooni. Nilipomwambia kwamba mfumo wake wa zamani ulikuwa ukiishinda pampu kwa kila kipimo, alinijibu kwamba goti lake halikuulizwa. Ni kweli, kuinama na kubeba ndoo hakumo kwenye hesabu zangu za yuniti, na ndiyo maana hakutaka pampu iondolewe.

Jumamosi iliyopita fundi alirudi kufunga swichi. Alipoifungua pampu ya zamani, bado tulikuwa na jambo moja la kujifunza: mwili wake ni chuma cha kawaida, ambacho ni cha mifumo iliyofungwa isiyopokea maji mapya. Maji mapya huja na oksijeni, na oksijeni haina huruma kwa chuma. Ya maji ya kuoga inafaa iwe ya shaba nyeusi au chuma kisichoshika kutu. Fundi aliigeuza juu ya karai. Kilichomwagika kilikuwa na rangi ya chai ya rangi, na shangazi akaniuliza, mimi wala si fundi, ni muda gani wamekuwa wakipiga mswaki na hicho.